Blenda ya kikombe kimoja katika jiko la watu wanane

Ukishuka kwenye matatu ya Likoni hapa Ukunda, hutatembea hatua nyingi kabla ya kukutana nayo. Imepangwa juu ya meza za wachuuzi pamoja na vifuniko vya simu, redio ndogo na taa za sola: chupa ya plastiki ya rangi ya waridi, samawati au nyeupe, kimo chake kama cha chupa ya maji ya nusu lita, na kitakoni mwake visu vidogo vinavyong'aa. Mchuuzi hutia maji kidogo na vipande vya ndizi, hubonyeza kitufe mara mbili, nayo huvuma kama nyuki. Kufumba na kufumbua, ndizi haipo. Wapita njia husimama, akina mama hutazamana, na bei huulizwa.

Bei yenyewe kwa kawaida huwa kati ya shilingi 1,000 na 2,500, kutegemea duka na ulimi wa mnunuzi. Kwa nyumba nyingi za Mvindeni, Bongwe au Mwamanga, hizo si pesa za kutupa. Ndiyo maana yafaa mtu ajue anachokinunua kabla ya kufungua pochi au kutuma M-Pesa.

Kwamba kifaa hiki kinafanya kazi, hakuna ubishi. Lakini kimeundwa kwa kikombe cha mtu mmoja, ilhali jiko la huku Pwani hupika sufuria ya watu wanane, na mgeni akitokea hukaribishwa. Shida zake nyingi huanzia hapo. Baadhi ni za kuchosha mikono tu, na nyingine zaweza kumuunguza mtoto.

Kwanza tutofautishe. Kuna blenda ndogo za aina mbili. Ya kwanza ni hii ya mchuuzi, yenye betri ndani, inayochajiwa kwa waya wa USB kama simu. Kikombe chake aghalabu huchukua mililita 300 hadi 400 tu. Ya pili huchomekwa kwenye soketi ya ukutani. Hutia vitu ndani ya kikombe, hufunga kifuniko chenye visu, kisha hukipindua kikombe kichwa chini juu ya mota. Hii ya pili ina nguvu zaidi, na bei yake vilevile hupanda. Zote mbili ni wajukuu wa mashine kubwa ya jagi tunayoiona kwa wauza juisi.

Mashine hiyo kubwa nayo haikuanzia nyumbani. Mwaka wa 1922, Stephen Poplawski wa mji wa Racine, Marekani, alipata hataza ya chombo chenye visu chini ya bilauri, kilichokusudiwa kuchanganya vinywaji vya maziwa katika maduka ya soda. Mnamo 1937 kiongozi wa bendi ya muziki, Fred Waring, akaanza kuuza mashine iliyobeba jina lake, na wateja wake wa mwanzo walikuwa mabaa na mikahawa. Dkt Jonas Salk aliitumia mashine ya aina hiyo katika maabara alipokuwa akitafuta chanjo ya polio. Vikombe vya mtu mmoja mmoja vilivuma baadaye sana, katika karne hii ya 21, kwa watu wa miji ya ng'ambo wanaoishi peke yao na kunywa kiamsha kinywa wakikimbilia kazini.

Na hapa Ukunda watu wa namna hiyo wapo. Wafanyakazi wa hoteli za Diani hutoka alfajiri kabla jua halijachomoza. Wapo wanafunzi waliopanga chumba kimoja, kitanda upande huu na jiko la gesi upande ule. Kwa mtu kama huyo, ndizi moja, kijiko cha njugu zilizokaangwa na kumenywa, na maziwa nusu kikombe ni mlo wa asubuhi wa dakika mbili, tena chombo cha kuoshwa ni kimoja. Hana pa kuweka blenda ya jagi, na hata angekuwa napo, angesaga juisi lita moja na nusu amnyweshe nani?

Kazi nyingine inayokifaa kifaa hiki ni ile ya viungo vibichi. Kitunguu saumu na tangawizi vilivyokatwa vidogo, kwa maji vijiko viwili au mafuta kidogo, husagika vizuri na huhifadhika kwenye friji siku kadhaa. Chatini ya kulia viazi karai au bajia pia: dania, pilipili mbichi, embe bichi, chumvi na ndimu. Hizo ni kazi za kikombe kimoja hata nyumba ikiwa na watu kumi, kwa kuwa chatini hailiwi kwa sahani. Mimi ningesema mwenye kununua blenda hii kwa ajili ya viungo na chatini hatajuta, na mwenye kuinunua kwa ajili ya juisi ya familia atajuta kabla mwezi haujaandama.

Tuhesabu kidogo. Jagi la futari la lita moja na nusu, kwa kikombe cha mililita 300, ni mara tano za kujaza, kusaga na kumimina. Na si salama kukijaza kikombe pomoni, kwa hivyo sema mara sita au saba. Mota ndogo huhitaji kupumzishwa baada ya kila dakika moja hivi, la sivyo hupata moto. Mwezi wa Ramadhani, adhana ya magharibi ikikaribia na sambusa ziko kwenye mafuta, ni nani mwenye subira hiyo?

Mtihani wa nazi

Kwa mpishi wa Kwale, hata hivyo, mtihani wa mashine yoyote ya kusaga ni nazi. Wali wa nazi, mbaazi, samaki wa kupaka, mchicha: vyote vyadai tui. Wenye blenda kubwa wengi wameshaiaga mbuzi. Huivunja nazi, huibandua nyama yake, huikata vipande, hutia ndani ya jagi na maji ya uvuguvugu, na baada ya dakika mbili huchuja. Basi wengi huidhania blenda ndogo itafanya vivyo hivyo.

Haifanyi. Vipande vya nazi ni vigumu na vizito. Visu vifupi vya mashine ya betri huvigonga, hukwama, na taa nyekundu ikaanza kumetameta. Ya kuchomeka ukutani hujitahidi zaidi, lakini nayo hupenda vipande vidogo mno. Kwa hivyo utalazimika kuikuna nazi kwanza. Maana yake utakalia mbuzi kama kawaida, halafu ndipo utumie mashine. Na nazi moja ya wastani iliyokunwa hujaza vikombe viwili vitatu, ambavyo pamoja na maji haviingii katika kikombe kimoja cha blenda. Utasaga mara tatu au nne.

Je, kuna faida yoyote? Ipo. Kusaga nazi iliyokwisha kunwa huzipasua zaidi chembe zake, na tui la kwanza hutoka zito kuliko la kukamua kwa mkono mchovu. Kwa mzee mwenye maumivu ya vidole, au mtu aliyeumia mkono, hilo si jambo dogo. Lakini chembe hizo huwa laini sana, hupenya chujio la kawaida la chai, na mchuzi ukawa na mchanga mchanga wa nazi. Tumia kifumbu, au kitambaa safi cha pamba, ukamue taratibu. Chicha zinazobaki zimenyauka kiasi kwamba tui la pili huwa maji tu, wape kuku.

Tahadhari nyingine ni ya joto la maji. Tui hutoka vyema kwa maji ya uvuguvugu kwa sababu mafuta ya nazi huganda kwenye baridi. Watu huzidisha, wakatia maji yaliyotoka jikoni wakati huo huo. Hapo ndipo hatari ilipo, nasi tutaifikia punde.

Mtu akiniuliza, basi, kama aiuze mbuzi yake, nitamwambia aiweke palepale. Na kinu pia. Iliki, pilipili manga, bizari nzima na mdalasini si kazi ya kikombe cha betri. Vitu vikavu vinahitaji kasi na visu vya namna nyingine, na baadhi ya mashine za kuchomeka huuzwa na kisu cha pili maalumu kwa kazi hiyo. Kama yako haina, twanga.

Matunda na kokwa zake

Kwa matunda, Pwani ya kusini haina upungufu, hasa msimu wa maembe unapoingia mwishoni mwa mwaka. Ngowe iliyoiva husagika kama siagi kwa kuwa haina nyuzi nyingi. Maembe mengine ya kienyeji yana nyuzi zinazojizungusha kwenye visu hadi mota inalia. Hayo ni ya kufyonza tu, na utamu wake uko hapo hapo.

Mabungo, tunda ambalo watu wa Kwale hawahitaji kuelezwa, hayapendi blenda. Kokwa zake zikipasuka juisi huingia uchungu. Loweka, vuruga kwa mwiko au kwa mkono safi mpaka nyama iachane na kokwa, kisha chuja. Pasheni nayo ni hivyo: ukiisaga moja kwa moja, mbegu huvunjika zikaacha vidoa vyeusi na ladha ya kukwaruza koo. Bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, mara tatu nne, yatosha. Ukwaju ndio usiseme. Mbegu yake ni jiwe, na jiwe moja likibaki ndani ya maji ya ukwaju ni kisu kimepinda na kikombe kimepasuka.

Barafu nayo, licha ya picha nzuri zilizo kwenye boksi, iwe ya vipande vidogo na maji yatangulie. Bora zaidi, gandisha ndizi au embe lililokatwa, halafu ulisage likiwa limelegea kidogo.

Wapo wanaoinunua mashine hii kwa ajili ya afya, na nia yao ni njema. Tunda lililosagwa zima, bila kuchujwa, hubaki na nyuzinyuzi zake, na hilo ni bora kuliko juisi iliyochujwa. Hata hivyo sukari ya juisi ya matunda huhesabiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na sukari za kupunguzwa. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2015 unataka sukari hizo zisizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwa chakula kwa siku, na ikiwezekana zishuke hadi nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Sasa bilauri ya juisi ya maembe mawili, ikaongezwa vijiko vitatu vya sukari kama ilivyo desturi yetu, imekwisha kumaliza hesabu ya siku na kupita. Mwenye kisukari na ale embe kipande, kwa uma.

Na hapa pana jambo ambalo halifai kupitwa haraka. Mtindo wa kunywa majani mabichi yaliyosagwa umefika hadi kwetu. Sukumawiki au mchicha kidogo, ulioshwa vizuri, si neno. Lakini kisamvu, hasha! Majani ya muhogo yakiwa mabichi hutoa sianidi, ambayo ni sumu. Bibi zetu hawakukitwanga na kukichemsha muda mrefu kwa kupenda kuchelewa kupakua. Kutwanga huilegeza sumu na kuchemsha huitoa. Blenda inaweza kuchukua nafasi ya kinu katika kazi hiyo, ila haiwezi kamwe kuchukua nafasi ya sufuria.

Chakula cha mtoto

Kundi kubwa la wanunuzi ni mama wachanga, na kwao mashine hii ina manufaa ya kweli. Mtoto akitimiza miezi sita maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, na huanzishiwa chakula huku akiendelea kunyonya. Kiasi chake ni kidogo, vijiko viwili vitatu mwanzoni, kwa hivyo kikombe kidogo kinamfaa kuliko jagi. Kiazi, malenge, maharagwe yaliyoiva sana, ini, parachichi, vyote husagika dakika moja.

Lakini yapo ya kuangalia. Jambo la kwanza ni moto. Kikombe cha blenda ndogo hufungwa kabisa, tofauti na jagi kubwa ambalo kifuniko chake huwa na tundu la kupumulia. Ukitia uji au supu ya moto na kuwasha, mvuke hukosa njia, msukumo hupanda, na visu vyenyewe huongeza joto. Unapofungua, au hata kabla hujafungua, supu hiyo huruka usoni. Mama aliye na mtoto mgongoni au mapajani hupata ajali mbili kwa mara moja. Acha chakula kipoe mpaka uweze kukishika kikombe kwa kiganja bila kuunguka. Mtoto alie kidogo, ni afadhali. Hii ndiyo sababu ya kutotia yale maji ya moto katika nazi pia.

La pili ni miiba. Watu hudhani mashine itausaga mwiba wa changu au tafi ukaisha. Mashine ya betri huukata vipande vifupi, na kipande kifupi ni kibaya zaidi kwa sababu hukioni. Toa miiba yote kwa vidole kwanza.

La tatu ni wepesi wa chakula. Ili visu vizunguke, mama huongeza maji, akaongeza tena, hadi malenge yakawa kama chai. Tumbo la mtoto ni dogo, na likijaa maji hakuna nafasi ya lishe. Chakula chake kiwe kizito cha kukaa kwenye kijiko. Ukihitaji kulainisha, tumia maziwa yako uliyokamua, au tui kidogo.

Tena asilishwe vya kusagwa mpaka anaingia chekechea. Kufikia miezi minane hivi watoto wengi huweza kushika vipande laini wenyewe, na kutimiza mwaka mmoja huweza kula chakula cha familia kilichopondwa au kukatwa vidogo. Kutafuna ni kazi ya kujifunza, na blenda haimfundishi. Uma wa kupondea viazi, ambao kila nyumba inao, unafanya kazi hiyo vizuri zaidi kuanzia hapo.

Yasemwayo kuhusu mtoto yamhusu pia mgonjwa. Mzee aliyeng'oka meno yote hufurahia mbaazi zilizosagwa. Aliyepatwa na kiharusi na anayepaliwa kila anapomeza ni habari nyingine: wengine hupaliwa zaidi na kitu chepesi kuliko kizito, kwa hivyo muulize daktari au mtaalamu wa lishe, kama kule hospitali ya rufaa ya Msambweni, kabla ya kuamua uzito wa uji wake.

Kabla ya kulipa

Umeme usiwe sababu ya kuiogopa. Mashine ya wati 300 huhitaji kuzunguka dakika 200 ndipo imalize yuniti moja ya tokeni. Ile ya betri hula kidogo zaidi, na stima zikipotea huendelea. Hata paneli ndogo ya sola yenye tundu la USB huichaji, ingawa polepole, na kwa walio vijijini kuelekea Lunga Lunga hiyo ni nafuu.

Lililo la kuogopa ni betri yenyewe na visu. Mnamo Desemba 2023 idara ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurejeshwa kwa blenda za mkononi za BlendJet 2 zipatazo milioni 4.8, kwa kuwa visu viliweza kuvunjika mashine ikifanya kazi, na betri kupata joto na kushika moto. Hiyo ilikuwa bidhaa yenye jina na kampuni ya kuulizwa. Nyingi za zile za mezani hapa hazina jina lolote. Tafuta alama ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, kwenye boksi. Stika yake huweza kuhakikishwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwenda 20023. Usiichaji usiku kucha kando ya godoro.

Kwa aliyeletewa ya kuchomeka na jamaa aliye Marekani, au aliyeachiwa na mgeni wa hoteli, asome chini ya mota kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa volti 120 pekee, soketi zetu za 240 zitaiunguza siku hiyo hiyo. Zilizotoka Uingereza au Ujerumani hazina shida hiyo, ila huenda zikahitaji kubadilishwa plagi.

Mwambie mwuzaji aiwashe mbele yako ikiwa na maji, kisha aipindue na kuitikisa: ikivuja dukani itavuja nyumbani. Uliza kama raba ile ya mviringo inapatikana peke yake, maana ndiyo huchoka kwanza. Raba hiyo itolewe na kuoshwa kila mara, kwa kuwa mabaki ya maziwa hujificha chini yake, na kwa unyevu wetu wa baharini huota ukungu kwa siku mbili. Tia maji, tone la sabuni, zungusha nusu dakika, suuza, na uanike kikombe kikiwa wazi. Kitako chenye mota au betri kisizamishwe ndani ya karai. Na ukimaliza kuosha, kiweke juu, mbali na mkono wa mtoto, kwa sababu kitufe chake ni kimoja na visu viko chini tu ya kifuniko.